Ni Lugha ya Picha Tu?

Katika vipindi vya kujifunza Biblia kuna swali ambalo halikosekani. Fungu linasomwa, watu wanatulia kidogo, kisha mmoja anauliza: "Mchungaji, hili tulichukue kama lilivyoandikwa, au ni lugha ya picha tu?" Ni swali zuri, na kila msomaji wa Maandiko hana budi kujiuliza. Lakini ndani yake limo neno dogo ambalo wengi hatulitazami, nalo ni "tu". Anayesema "ni lugha ya picha" anataja namna usemi ulivyojengwa. Anayesema "ni lugha ya picha tu" amekwisha kutoa hukumu: kwamba usemi huo una uzito pungufu, kwamba hautudai kitu, kwamba tunaweza kuupita na kuendelea na safari yetu.

Tamathali za semi tulifundishwa shuleni katika somo la Kiswahili. Tukazikariri kwa ajili ya mtihani, na wengi wetu tukaziacha huko huko darasani. Lakini kwa Mkristo tamathali ni jambo la dhamiri pia. Namna tunavyoamua lipi ni picha na lipi si picha huonyesha tunachokipenda na tunachokiogopa.

Tukumbushane kwanza. Tamathali ya semi ni usemi unaotumia maneno nje ya maana yake ya kawaida ili kueleza jambo kwa nguvu zaidi. Tashibiha hulinganisha kwa kutumia kiungo kama vile "kama" au "mithili ya". Ndivyo Zaburi ya kwanza inavyomfananisha mwenye haki na mti uliopandwa penye maji. Sitiari hukiondoa kiungo na kusema moja kwa moja kwamba hiki ni kile: Yesu alimwita Herode mbweha, naye mwenyewe akajiita mlango, mkate na mzabibu. Tashihisi hukipa kitu kisicho mtu matendo ya mtu, kama miti ya Isaya inayopiga makofi. Mubalagha, ambayo wengine huiita chuku, hutia chumvi kwa makusudi, kama boriti iliyo ndani ya jicho. Kejeli husema kinyume cha kinachokusudiwa ili kumchoma msikilizaji. Amosi aliwaalika Israeli waende Betheli wakakosee zaidi, wala hakuwa akiwapa ruhusa. Tafsida hupunguza ukali wa neno: hatusemi mzee amekufa, twasema ametutoka au amelala.

Ukiziondoa tamathali hizi katika Biblia, utabaki na kitabu chembamba sana. Mungu hana mbawa, wala si mwamba, wala si ngome ya mawe. Hata hivyo mtu aliyewahi kukimbilia kwa Mungu usiku wa kilio hatakubali umwambie kwamba neno "ngome" halikuwa na ukweli wowote. Tunamsema Mungu kwa maneno ya duniani kwa sababu hatuna mengine, na yeye mwenyewe amekubali kusemwa hivyo.

Hapa ndipo kosa la kwanza linapozaliwa, yaani kudhani kwamba picha ni kinyume cha kweli. Sisi Walutheri tuna sababu ya pekee ya kulifahamu jambo hili, kwa maana mgawanyiko mmoja mkubwa katika historia ya Matengenezo ulihusu neno dogo kabisa. Mwanzoni mwa Oktoba 1529 mtawala Philip wa Hesse aliwakutanisha Martin Luther na Ulrich Zwingli katika ngome yake mjini Marburg, Ujerumani, akitumaini kwamba watapatana. Walikuwa na mambo kumi na matano mezani. Kumi na manne walikubaliana. La kumi na tano lilihusu Meza ya Bwana, na hata humo walikubaliana sehemu kubwa, isipokuwa jambo moja: Bwana aliposema kwamba mkate ni mwili wake, alikuwa na maana gani kwa neno "ni"?

Zwingli alisema hiyo ni tamathali, na kwamba "ni" hapo ina maana ya "huashiria". Luther alikuwa ameandika maneno ya Bwana kwa chaki juu ya meza mbele ya wote, na hakutaka kuondoka hapo. Watu wengi hudhani kwamba ugomvi wao ulikuwa kati ya mtu aliyeijua lugha ya picha na mtu asiyeijua. Sivyo. Luther alizijua tamathali vizuri, na mwaka 1528 alikuwa amekwisha kuandika kitabu kirefu juu ya jambo hilo hilo. Humo alitoa mfano wa mtu anayekabidhi mfuko wa fedha na kusema kwamba hizi ni gulden mia moja. Anaonyesha mfuko, lakini anazitaja fedha. Je, amesema uongo? Hata sisi tunasema vivyo hivyo. Mama anampa mtoto bahasha iliyofungwa na kumwambia, "Shika elfu kumi, umpelekee bibi." Mtoto hasimami kubisha kwamba alichoshika ni karatasi. Anajua kwamba fedha zimo humo kweli, na anakimbia.

Kuhusu mzabibu, Luther alisema jambo ambalo mimi naliona kuwa la msaada hata nje ya mabishano ya Ekaristi. Alisema kwamba Kristo haashirii mzabibu. Mzabibu wa shambani ndio unaopata maana mpya kwa sababu yake. Neno la zamani limechukuliwa na kupewa kitu kipya cha kutaja, na kitu hicho kipya ni halisi kuliko cha zamani. Kwa hiyo sitiari njema haipunguzi. Tunapomwita Kristo mzabibu wa kweli hatusemi kwamba yeye ni kitu fulani "kwa namna fulani tu". Tunasema kwamba uhai ambao tawi hupata katika shina ni kivuli cha uhai tunaoupata kwake.

Walutheri na Wareformati waliendelea kutengana mezani kwa karne nyingi baada ya Marburg. Ni mwaka 1973, kwa Makubaliano ya Leuenberg, ndipo makanisa mengi ya pande hizo mbili katika Ulaya yalipotangaza ushirika wa madhabahu na mimbari. Simtaji Zwingli ili nimcheke. Hakuna hata mmoja kati ya wawili hao aliyetafuta njia ya kulikwepa neno la Bwana. Wote wawili walitaka kulitii, na ndiyo maana waliumia. Je, sisi tunapobishana kama neno fulani ni picha au si picha, tunatafuta kutii?

Kosa la pili ni kinyume cha la kwanza, yaani kushika kila neno kana kwamba ni maelekezo ya dawa. Eusebio, mwanahistoria wa Kanisa wa karne ya nne, anasimulia kwamba Origeni wa Aleksandria, alipokuwa kijana, aliyachukua kama yalivyo maneno ya Yesu katika Mathayo 19 juu ya waliojifanya matowashi kwa ajili ya ufalme wa mbinguni, akajihasi. Baadaye katika maisha yake Origeni huyo huyo alifundisha kwamba maneno hayo yasisomwe hivyo. Katika siku zetu kosa hili limevaa vazi lingine. Mtume Paulo aliwafananisha watoao kwa ukarimu na wapandao mbegu. Ni sitiari nzuri, hasa kwa watu wa jembe kama sisi, maana mkulima anajua kwamba mbegu ikishafukiwa haiko tena mikononi mwake, na mvua si mali yake. Lakini wapo wahubiri walioigeuza sitiari hiyo kuwa mkataba: panda laki, uvune milioni, na usipovuna ujue imani yako ndiyo ndogo. Mjane anayeuza mbuzi wake kwa ajili ya "mbegu" hiyo ameumizwa na tamathali iliyosomwa vibaya. Kumfundisha mtu kutofautisha sitiari na hati ya mkopo ni kazi ya kichungaji.

Tutajuaje basi? Augustino, askofu wa Hipo huko Afrika ya Kaskazini, aliandika kitabu juu ya mafundisho ya Kikristo, na katika sehemu yake ya tatu alitoa kanuni kwa wasomaji wa Maandiko. Kwa ufupi, alisema kwamba neno ambalo likichukuliwa kama lilivyo haliwezi kupatana na maisha mema wala na imani ya kweli, hilo ni la mfano, na kwamba tafsiri yake lazima itupeleke kwenye upendo wa Mungu na wa jirani. Kanuni hii hunukuliwa mara nyingi. Onyo aliloandika jirani nayo hunukuliwa mara chache. Alisema kwamba watu hupima mema na mabaya kwa desturi za kwao. Basi Andiko likikemea jambo ambalo desturi yao hailikemei, au likifundisha kitu kilicho kinyume na kosa lililokwisha kuitawala mioyo yao, upesi watasema: hiyo ni lugha ya mfano.

Onyo hilo limevuka miaka elfu moja na mia sita na kutufikia tukiwa tumeketi kwenye mabenchi yetu. Tuchunguze "tu" yetu huwa tunaiweka wapi. Tukisoma kwamba wake wawatii waume zao, ni wanaume wachache wanaouliza kama hiyo ni picha. Tukisoma kwamba mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, ghafla wote tunakuwa wataalamu wa fasihi. Neno likimgharimu mwingine, tunalisoma kama lilivyo. Likitugharimu sisi, tunaligeuza kuwa picha.

Chukua mfano wa ngamia na tundu la sindano. Pengine umesikia mahubiri yanayosema kwamba Yerusalemu palikuwa na mlango mdogo ulioitwa Tundu la Sindano, na kwamba ngamia aliweza kupita akipiga magoti na kushushwa mizigo. Ni maelezo yanayopendeza. Shida yake ni kwamba hakuna ushahidi wa mlango wa namna hiyo katika Yerusalemu ya siku za Yesu. Tena simulizi yenyewe inayakataa maelezo hayo, kwa kuwa wanafunzi waliposikia walishangaa mno na kuuliza ni nani basi atakayeokoka. Mtu hashangai hivyo kwa habari za ngamia anayepiga magoti. Yesu alitumia mubalagha, yaani alimchukua mnyama mkubwa waliyemjua na tundu dogo walilolijua, ili waone kwamba kwa mwanadamu jambo hilo haliwezekani na kwa Mungu peke yake linawezekana. Sisi tukajenga mlango ili tajiri apite bila kumhitaji Mungu. Ni kweli kwamba hayo ni maneno ya chumvi. Lakini chumvi hutiwa ili chakula kikolee, nasi tumeimwagia maji.

Wahenga walisema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Katika 2 Samweli 12 methali hiyo inakutana na jambo gumu. Nabii Nathani alimwendea mfalme Daudi na kumsimulia habari za tajiri mwenye makundi ya kondoo aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake mmoja. Daudi hakuwa mjinga. Alikuwa mwimbaji na mtunzi, mtu aliyejua kumwita Mungu mchungaji na mwamba. Kama kulikuwa na mtu katika Israeli aliyestahili kulitambua fumbo, ni yeye. Hata hivyo hakulitambua. Aliichukua hadithi kama kesi ya kawaida, akawaka hasira, akamhukumu tajiri yule kufa. Daudi hakupungukiwa na elimu ya tamathali. Alikuwa ndani ya hadithi mwenyewe, na mtu aliye ndani ya hadithi ndiye wa mwisho kujiona.

Nathani hakuishia kwenye mfano. Alipoona kwamba hukumu imekwisha kutoka kinywani mwa mfalme, aliiacha picha na kusema waziwazi kwamba mtu huyo ni Daudi, akamtaja Uria kwa jina, akautaja upanga. Mfano ulifungua mlango, na neno la wazi likaingia. Mfano usingekuwapo, mfalme angejitetea. Neno la wazi lisingefuata, mfalme angelala vizuri usiku ule, akiamini kwamba ametenda haki kwa mwanakondoo wa mtu fulani asiyemjua.

Mwendo huo huo tunauona kwa Bwana wetu. Katika Yohana 11 aliwaambia wanafunzi kwamba rafiki yao Lazaro amelala. Ni tafsida, na ni ya upole, na mdomoni mwake ilikuwa pia ahadi, kwa maana aliyelala huamshwa. Wanafunzi hawakuielewa. Wakafikiri ni usingizi wa kawaida, wakafurahi kwamba mgonjwa ataamka na nafuu. Yesu alipoona kwamba neno la upole limewaficha ukweli, aliliacha, akawaambia waziwazi kwamba Lazaro amekufa. Alipenda picha, lakini hakuipenda kuliko ukweli, wala kuliko watu aliokuwa akisema nao.

Nakaa kidogo kwenye tafsida, kwa sababu naona kwamba katika makanisa yetu ndiyo tamathali yenye hatari kuliko zote. Utamaduni wetu unaipenda, na una haki ya kuipenda. Wazee wetu walitufundisha kwamba si kila neno hutamkwa mbele ya kila mtu. Kumwambia mfiwa kwamba mzee amepumzika ni adabu na ni huruma. Kutotaja maradhi ya mtu mbele ya hadhara ni kumheshimu. Atakayesema kwamba Mkristo aache tafsida zote na kusema kila kitu mbichi, huyo hajaishi na watu.

Lakini ipo tafsida nyingine. Rushwa tunaiita chai. Mume anayempiga mkewe tunasema "wana tofauti zao za ndani". Na lililo baya kuliko yote, binti mdogo anabakwa na mtu wa karibu, wazee wanaketi, ng'ombe au fedha zinatolewa, kisha habari inaletwa kwa mchungaji kwa sentensi moja safi: "Walikwisha kumalizana kifamilia." Tazama usemi huo ulivyolainishwa. Kumalizana ni neno la amani. Familia ni neno la upendo. Ndani ya maneno hayo mawili mazuri binti amezikwa akiwa hai. Hakuna aliyesema uongo, na hakuna aliyesema kweli.

Basi tunahitaji kipimo cha kutenganisha tafsida ya huruma na tafsida ya giza, na kipimo ninachopendekeza ni hiki: neno hili laini linamsitiri nani? Kama linamsitiri aliyeumizwa, mfiwa, mgonjwa, mtoto ambaye jina lake halipaswi kutajwa, hiyo ni nguo, na kumvika aliye uchi ni tendo la Injili. Kama linamsitiri aliyeumiza, hilo ni pazia. Mzee wa kanisa anayeletewa sentensi ya "kumalizana" anapaswa kufanya kama Bwana alivyofanya juu ya Lazaro. Aache neno la upole na kulitaja jambo kwa jina lake, amsindikize binti hospitali na kwenye dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi, na jina la binti alifunge kinywani mwake. Siri ya aliyeumizwa inatunzwa, na kosa la mwenye kosa linatajwa. Mara nyingi sisi tumefanya kinyume: kijiji kizima kinamjua binti, na mkosaji anaitwa "ndugu yetu aliyepatwa na jaribu".

Nimesema kwamba tamathali ni jambo la dhamiri. Naona kwamba kwetu sisi watumishi ni zaidi, kwa kuwa hata cheo chetu ni tamathali. Neno "mchungaji" ni sitiari. Limesemwa mara nyingi hata limekufa masikioni mwetu. Limeandikwa kwenye mihuri, kwenye vibao vya ofisi na kwenye kadi za mwaliko, na anayeitwa hivyo hawazi tena juu ya fimbo, wala vumbi, wala mnyama aliyevunjika mguu. Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, aliifufua sitiari hiyo mbele ya viongozi wa Israeli. Aliwauliza juu ya mafuta waliyokula na sufu waliyoivaa, juu ya wagonjwa wasiotibiwa na waliopotea wasiotafutwa. Walikuwa wamelipokea neno kama cheo, na Mungu akawadai kazi iliyomo ndani yake.

Hivyo ndivyo picha za Maandiko zilivyo. Hutukubali kwa urahisi, kisha siku moja hutudai. Kwa hiyo wakati mwingine fungu likisomwa na mtu akauliza kama ni lugha ya picha, tumjibu kwa uaminifu: ndiyo, ni sitiari, au ni mubalagha, au ni kejeli. Tumweleze imejengwaje, maana asiyejua hilo anaweza kuumia au kuumiza. Kisha tumwombe aliondoe lile neno "tu", na tuulize pamoja picha hii inamwonyesha nani. Tusishangae tukiona sura zetu wenyewe.